Siri ya Ree na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Katibu amebandika tangazo kwenye mlango wa klabu yetu ya wastaafu. Kwa gundi, si kwa pini. Maana yake hataki mjadala.

Jambo lenyewe ni ukumbi wa Jumamosi. Hufunguliwa saa tatu hadi saa saba. Hadi Januari muda huo wote ulikuwa wangu: Hesabu kwa Watu Wazima. Wakaninyang'anya, eti mahudhurio. Nakiri kwamba somo la mwisho lilikuwa na mtu mmoja, naye alikuwa akingoja mvua ikatike. Lakini alikuwa akiandika! Au akichora. Sikuona vizuri.

Sasa tunaugombea watatu. Mimi na hesabu zangu. Fundi cherehani na drafti yake. Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, mkunga mstaafu, na mazoezi yake ya viungo. Tumepiga kura mara tatu, mara tatu tumelingana. Katibu amechoka. Ijumaa tutacheza mashindano ya karata, watu wanane, na mshindi ataamua Jumamosi ni ya nani. Basi.

Mchezo ni Omaha wa kugawana. Binti wa Katibu alimletea kijitabu cha kanuni kutoka safarini na tangu hapo hatuchezi kingine. Naeleza, kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikishaondoka. Kila mtu hupewa karata nne za siri. Tano huwekwa wazi mezani: tatu, kisha moja, kisha moja. Mkono wako ni karata tano: mbili za kwako, tatu za mezani. Si zaidi, si pungufu. Dau letu ni vifungo vya nguo, na huingia kwenye bakuli. Nusu ya bakuli ni ya mkono mkubwa kuliko yote, nusu ni ya mkono mdogo kuliko yote. Mkubwa ni wa karata zinazolingana: tatu sawa, tano zinazofuatana, au bora zaidi, tano za alama moja, kama kopa. Mdogo ni karata tano tofauti, zote kuanzia nane kushuka, na ree huhesabiwa moja. Asipopatikana mdogo, mkubwa anafagia bakuli zima.

Ni rahisi. Sijui kwa nini watu hupiga miayo nikifika kwenye nane kushuka.

Jumanne, 4 Machi

Nimekesha na kijitabu hadi macho yakawa mekundu. Faida imepatikana. Nimegundua siri!

Wenzangu wote wana ugonjwa mmoja: wanangojea karata ovyo. Wakiona kopa mbili mezani wanangojea ya tatu. Wakiona tano na sita wanangojea saba. Hawajiulizi wakiipata watashinda nini. Mara nyingi ni nusu tu ya bakuli, na hata hiyo kuna mwenye nzuri zaidi.

Siri ni hii. Usingojee isipokuwa kama mkono wako unaangalia pande zote mbili. Shika ree na mbili kwa ajili ya udogo. Ree hiyo iwe ya kopa, na uwe na kopa nyingine pembeni kwa ajili ya ukubwa. Mezani zikishuka kopa mbili ndogo, karata zinazokufaa ni ishirini na moja kati ya arobaini na tano usizoziona. Nimehesabu mara mbili, kwa kalamu na kwa maharagwe. Vinginevyo tupa karata zako na unywe chai. Katika mashindano vifungo vikitoka havirudi.

Siri hii haitatoka kinywani mwangu.

Mchana nilimkuta Katibu klabuni. Akauliza mbona natabasamu peke yangu. Nikasema si kitu. Akasema labda ni uzee. Haikunipendeza! Ilibidi nimwonyeshe kwamba ni akili, si uzee. Nilimweleza kidogo tu, hadi saa tisa. Alitoa kalamu yake mwenyewe akaandika. Miaka thelathini na mbili ya kufundisha, sijawahi kuona mtu mzima akiandika kwa hiari.

Katibu si mshindani hasa. Anacheza ili watu watimie wanane.

Jumatano, 5 Machi

Kwa Fundi, kukunjiwa suruali. Nilijiapiza kuzungumzia suruali tu.

Fundi anapenda kunichokoza. Akiwa amepiga magoti na pini mdomoni, akaniambia, "Mwalimu, Jumamosi njoo ucheze drafti. Haina hesabu, hutapata shida." Nilimnyooshea mguu wa pili. Mtu mzima hachokozeki.

Ndipo akasema juzi alipata kopa nne mkononi, bahati iliyoje, na bado akashindwa.

Bahati! Kopa nne mkononi! Nilijaribu kutazama ukutani. Kuna kalenda pale ya mwaka juzi. Haikusaidia. Kosa likishasemwa mbele yangu haliondoki mpaka lisahihishwe. Hukaa sikioni kama mbu. Nikamwambia, Fundi, unaruhusiwa kutumia mbili tu za mkononi. Zile mbili nyingine ni kopa ulizojiibia mwenyewe, maana hazitashuka tena mezani. Akatoa pini mdomoni. Akauliza, sasa mtu ashike nini?

Swali zuri namna hiyo huwezi kuliacha bila jibu. Nilichukua chaki yake nikachora juu ya kitambaa cheusi cha mteja. Ree hapa, mbili hapa, kopa hapa. Nilipoondoka mchoro ulikuwa bado mezani na wateja wawili wanausoma.

Hata hivyo sikumwambia idadi ya ishirini na moja.

Baadaye nilirudi kumwambia. Bila idadi, somo lingekuwa nusu.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi nyumbani, meza ya kulia chakula. Mimi, mke wangu na shemeji. Nilihitaji watu wa kujipima nao, na huwezi kujipima na watu wasiojua unachofanya. Kwa hiyo niliwaeleza.

Shemeji alisikiliza amefumba macho. Nilimuuliza kama ameelewa sehemu ya kungojea. Akasema, "Shemeji, mimi nimewangojea watoto wa watu miaka thelathini na tano. Wengine siku mbili. Nimestaafu kungoja. Nikipewa kilichokwisha kufika nitakipokea, kisipofika narudi kulala."

Nilimweleza kwa upole kwamba huo si mkakati. Akaniomba sukari.

Mke wangu aliuliza ni nani wengine wamefundishwa. Nikamtajia: Katibu, Fundi, wateja wawili wa Fundi, na bwana mmoja wa klabu, msomaji wa gazeti, aliyeniuliza njiani. Akahesabu kwa vidole. Akasema, "Baba, ukiwaelekeza wote wakangoje dirisha moja, foleni si itakuwa ndefu?"

Mke wangu ni mtu mwema sana, lakini hakusomea hesabu. Mimi nimehesabu karata zote arobaini na tano. Foleni haimo.

Suruali imekuja. Fupi. Vifundo vya miguu vinaonekana kama vinachungulia.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika yote kwa utaratibu, bila hasira.

Tulianza saa nne asubuhi, watu wanane, vifungo kumi na tano kila mmoja. Nilitupa karata mikono kumi na mmoja mfululizo. Nidhamu! Niliona pia Katibu anatupa. Fundi naye anatupa. Meza nzima inatupa na kunywa chai, isipokuwa shemeji, aliyekuwa akiokota mabakuli madogo madogo yasiyo na mwenyewe. Kisha karata nzuri zikaanza kutufikia, na kufika saa sita wanne walikuwa wametolewa, vifungo vyao vimekuja kwetu. Tukabaki mimi, Fundi, Katibu na shemeji. Tukahesabu: thelathini kila mmoja. Sawa kabisa!

Kisha nikapewa ree ya kopa, mbili ya shupaza, malkia wa kopa na kumi isiyo na kazi. Mezani zikashuka nne ya kopa, saba ya kopa na ghulamu mweusi. Mchoro wangu wenyewe, kama nilivyouchora kwa chaki! Nikamwaga vifungo vyote thelathini kwenye bakuli.

Fundi akamwaga vyote. Katibu akamwaga vyote. Shemeji akavua miwani, akaifuta, akamwaga vyote.

Ya nne mezani: nane. Nimepata mdogo! Ya tano: mfalme wa pau. Kopa haikuja, lakini nusu ya bakuli ilikuwa yangu. Nikafunua ree na mbili.

Fundi akafunua ree na mbili.

Katibu akafunua ree na mbili.

Jozi tatu kwenye meza moja, kama karatasi za mtihani za wanafunzi waliokaa dawati moja. Katika miaka yangu yote ya kazi ningewaita ofisini. Hapa sikuweza, kwa sababu waliyenakili kwake ni mimi.

Shemeji alikuwa na maghulamu wawili mkononi. Na yule wa mezani, watatu. Alikuwa nao tangu mwanzo. Hakungojea chochote.

Hesabu yenyewe: bakuli lilikuwa na vifungo mia moja na ishirini. Sitini kwa shemeji. Sitini vilivyobaki kwa sisi watatu, ishirini ishirini. Nimeweka thelathini, nimeshinda, nimepewa ishirini. Kushinda kwangu kumenipunguzia vifungo kumi. Fundi akapiga meza kwa kicheko: "Mwalimu, tukishinda hivi mara mbili tena tutarudi nyumbani bila mashati!"

Muda mfupi baadaye nilipata tena ree na mbili, na kopa pembeni. Ishirini na moja kati ya arobaini na tano. Nikamwaga ishirini vyangu. Zikaja mbili kati ya zile ishirini na nne zisizofaa. Nje.

Shemeji alimaliza wengine kabla ya saa nane. Alikuwa na haraka, ameacha nguo kwenye kamba.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji ametoa uamuzi. Angeweza kuchukua Jumamosi nzima, hakutaka. Alisema magoti ya wanachama hayatavumilia zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo nusu ni ya mazoezi. Nusu ya pili, mimi na Fundi tugawane.

Nimepata saa moja. Robo.

Mke wangu alikuwa akihesabu tena kwa vidole. Nilimuuliza kuna nini. Akasema hakuna, anafikiria foleni.

Jambo moja lazima liandikwe. Bwana wa gazeti, Katibu, Fundi, wote waliokuwa wakitupa karata jana walitupa vizuri. Kwa wakati. Kwa sababu. Somo lilikuwa limeeleweka. Niliwatazama na, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumapili, 9 Machi

Nimekifungua tena kijitabu. Nimeona kosa lilikuwa wapi. Si mimi. Ni mbinu: ilikuwa na karata mbili, ilihitaji tatu. Ree, mbili na tatu! Mbili nyingine ikishuka mezani ikawaharibia wenye ree na mbili, mwenye tatu bado amesimama. Katibu anasema mashindano yatarudiwa Juni. Safari hii siri itakaa kifuani.

Nina tatizo dogo. Saa yangu moja inaanza Jumamosi ijayo, saa sita, na sina somo la kufungulia. Somo la kwanza lazima livutie watu. Nimefikiri tangu asubuhi.

Mchana nimebandika tangazo mlangoni. Kwa gundi. REE, MBILI NA TATU: MBINU YA SIRI. WOTE MNAKARIBISHWA. Herufi kubwa, ili hata wenye miwani ya zamani waone. Kufika jioni majina tisa yalikuwa yameandikwa chini yake, la kwanza la Fundi.

Lakini nimejifunza. Fundi simwelezi mapema. Atasikia pamoja na wengine.