Mkanda Mmbea

Jumatatu, 3 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia, ule wa mkasi, umelala tangu nilipopatwa na kiharusi. Mwandiko kama kuku kapita kwenye matope. Safi! Hata shajara hii ikiibwa, hakuna atakayeisoma.

Leo hospitali imeninyang'anya gari. Dada wa mazoezi ya viungo, yule wa tabasamu lisiloisha, amekuja na kishikwambi na mkanda wa kuvaa mkononi. Kasema nifanyie mazoezi sebuleni, yeye ataniona kwenye skrini akiwa kulekule hospitali. Nikauliza kwa nini. Akasema gari la kubeba wagonjwa kila kukicha linatoa moshi mwingi, na hospitali haiwezi kutibu vifua vya watu huku inavijaza moshi. Moshi! Mimi naumwa mkono, yeye ananipa habari za moshi. Si bure.

Maana gari lile lilikuwa linapita mbele ya saluni yangu ya kunyoa. Nilichungulia kila safari. Mshirika wangu tunamwita Mashine, kwa kuwa mkasi haujui, ananyoa kwa umeme tu. Namwona amesimama kazini, lakini mteja kakalia kiti gani, gari halinipi nafasi ya kujua. Kile cha kuzunguka ni changu! Mkono usipoamka, atakirithi nikiwa hai. Sasa gari likifutwa, nani anafaidika? Basi.

Jumanne, 4 Machi

Mpango. Nisipofanya mazoezi, mkono hautapona. Usipopona, watarudisha gari. Nani kasema kiharusi kimegusa akili yangu?

Zoezi lenyewe ni mchezo. Unasogeza mkono, na kwenye skrini kitambaa kinafuta dirisha lenye vumbi. Mke wangu akauliza kwa nini nisifute lile la jikoni, ambalo lipo kweli. Nikakaa kama gunia la mkaa mpaka mchana.

Alasiri, hodi. Dada wa mazoezi! Kaja kwa baiskeli, jasho linamtiririka, tabasamu palepale. Kasema mkanda umemwarifu kwamba sijasogea tangu asubuhi. Kumbe nimevalishwa mmbea!

Ijumaa, 7 Machi

Mpango mpya, bora zaidi. Mmbea huyu ampelekee habari njema. Akiambiwa mkono umechangamka, watanitangaza mzima, na mimi nitarudi kwenye kiti changu. Mke wangu kaenda sokoni. Nimefunika jicho la kishikwambi kwa taulo. Nimeutoa mkanda. Naufunga kwenye panga la feni ya mezani.

Kazi ya kishetani! Kushoto kunashika, kulia lazima kuvute. Vidole vilikataa. Mkanda ukaanguka, nikauokota, ukaanguka tena. Nilivitukana vidole vyangu matusi ambayo sikuyajua kama ninayo. Mwishowe kidole gumba kikanasa. Nikawasha feni, nikajilaza.

Nilishtuliwa na king'ora.

Jumamosi, 8 Machi

Yaliyotokea jana. Mmbea aliripoti kwamba mkono wangu unazunguka bila kusimama. Dada akaita kwenye kishikwambi, akasikia mvumo tu. Akadhani nimeshikwa na kifafa. Wakaja wanaume wawili na machela. Ningeweza kueleza. Lakini nikawaza: gari! Nikatetemeka kidogo, kwa adabu, wakanibeba.

Gari la wagonjwa mahututi halina dirisha la kuchungulia. Nimepita saluni yangu nikitazama bati la juu!

Hospitali, dada akaulizia mkanda. Nikafumba macho. Ndipo mke wangu akaingia kwa bodaboda, amekumbatia feni, mkanda ungali umefungwa. Akaiweka mezani, akasema mgonjwa wenu ndiye huyu hapa.

Tabasamu la dada likafutika. Kasema nimechoma mafuta bure, moshi juu ya moshi, na kwamba kuna mama aliyehitaji gari lile akasubiri. Niliona aibu. Kweli niliona. Kisha akauliza nani aliufunga mkanda. Nikasema mimi. Kwa mkono upi? Yote miwili. Akanipa mkanda, akasema nifunge tena. Nikafunga, gumba likanasa. Akaita mwenzake aje aone. Wanakusanya ushahidi.

Jumapili, 16 Machi

Mashine kaja nyumbani na mkasi wangu! Kasema dada amempigia simu: dirisha la uongo limenichosha, mkono unataka kazi unayoijua. Akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Bosi, ninyoe."

Nimemnyoa kwa nusu ya siku. Nyuma ya sikio nimemwachia shimo. Akajitazama kwenye kioo, akasema kapendeza. Anadanganya, na vizuri mno. Nikamuuliza kuhusu kiti. Akasema hajaruhusu mtu akikalie, amekifunika shuka kisipate vumbi, wateja wanakaa kwenye cha plastiki na wanalalamika. Machozi yakanitoka mbele ya mke wangu. Nimesingizia nywele.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimetafakari. Nani anafunika kiti kwa shuka? Mtu anayeficha kitu! Huenda kimeshauzwa, chini ya shuka kuna ndoo.

Asubuhi nimekwenda saluni kwa miguu, polepole, bila moshi. Mashine akanilaki kama mfalme. Nikainua shuka. Kiti kipo, kinang'aa. Sikudanganyika. Alipotoka kumwaga maji, nikaufunga mkanda chini ya kiti, fundo maridadi. Akikikalia tu, mmbea atasema.

Dada ameshapiga simu mara mbili kuuliza mbona leo mkono umetulia kabisa. Nasikia kengele ya baiskeli nje.

Wa kushoto umechoka, kwa hiyo ya leo nimeandika kwa mkono wa kulia. Mwandiko unatetemeka, ila mke wangu amepita nyuma yangu, akasoma kila neno, akacheka. Unasomeka! Hatari. Shajara hii lazima niifiche leo leo.