Karavani Yangu na Hema la Haider

Alhamisi, 31 Julai 2014

Leo nimechukua karavani. Nyeupe, futi ishirini na mbili. Vitanda, jiko, friji, choo ndani. Choo ndani! Na Haider kesho anakuja kulala kwenye hema. Nimelifikiria hilo njia nzima kutoka nyumbani Thorncliffe Park na wala sikulichoka.

Niandike sababu, ijulikane nani alipanga na nani alifuata. Mama mkwe wangu, Mariambai, ana miaka sabini na minane. Tangu mzee wake afariki, huu mwaka wa pili, anakaa Markham kwa Haider, mwanyumba wangu, aliyemwoa Sakeena, mdogo wake mke wangu. Nyumba kubwa. Ukiingia chumbani taa zinawaka zenyewe. Haider anafanya kazi za kompyuta na ana tabia ya kuzungumza polepole, kana kwamba sisi wengine ndio tumeshuka kwenye ndege leo. Mke wangu Khatoon anataka mama yake ahamie kwetu. Ananililia tangu Machi. Mama hajasema ndiyo, hajasema hapana. Anasema tu, "Tutaona, mwanangu."

Basi ataona! Kuna tamasha la muziki kwenye shamba moja, mwendo wa saa mbili na nusu kaskazini ya Toronto. Mwaka huu wamealika kikundi cha taarab kutoka Tanga, pamoja na bibi mwimbaji ambaye Mama aliwahi kumsikia harusini huko huko Tanga, mtaa wa Ngamiani, wote wawili wakiwa wasichana. Mimi ndiye niliyemleta Mama. Siku nne atalala kwangu, atakula kwangu, atajionea mtu mwenye mipango.

Binti wa kampuni ya kukodisha alinieleza habari za betri, gesi na matangi kwa dakika arobaini. Nikaitikia kwa kichwa, nikafikiria mengine. Niliyesimamia zamu ghalani Malton miaka kumi na tisa, mizigo ya ndege, nifundishwe betri na mtoto mwenye pete puani! Akanipa na kitabu. Nimekikunja nikakiweka chini ya mguu wa meza. Sasa meza haiyumbi.

Viwanja vya kambi vyenye umeme vimejaa watu wa kubanana. Nimechagua kisicho na umeme, juu ya kilima, nyuma ya jukwaa dogo. Faragha. Majirani ni vijana wasiovaa viatu. Khatoon aliuliza umeme utatoka wapi. Nikamwambia karavani ina umeme wake. Mwanamke huyu kwa maswali!

Ijumaa, 1 Agosti

Asubuhi niliiosha karavani yote, paa mpaka magurudumu, kwa lile bomba la nje, ili Haider akifika aione inang'aa. Saa nne iling'aa. Saa nne na robo Khatoon alifungua bomba la jikoni. Likakohoa. Tangi zima limekwisha! Nashuku kampuni inaweka matangi madogo kwa makusudi.

Halafu shati. Nilitaka kumpokea Haider nikiwa nimenyooka. Nikachomeka pasi, huku birika la umeme likichemsha chai ya Mama kwa maji ya chupa na friji ikifanya kazi yake. Kidude cha ukutani kikalia mara tatu, pii, pii, pii. Giza kwenye friji. Birika kimya. Pasi ikawa na joto la shavu la mtoto. Mama akanywa chai ya vuguvugu, akasema nzuri. Watu wa zamani wana adabu.

Haider alifika saa saba. Hema la kijani. Akatandika juani kibao cha sola, ukubwa wa sinia la biriani. Nikacheka kwa sauti ili asikie. Alasiri simu zao zote zilikuwa zimejaa chaji na feni ndogo inazunguka hemani. Feni! Akaja mlangoni kwangu, akauliza polepole betri yangu inasoma ngapi. Nikamjibu betri yangu haisomi, inafanya kazi.

Jioni akaleta madumu mawili ya maji kwa kigari cha mkono. Bomba liko mwendo wa robo saa. Akasema ni ya Mama. Nikayapokea kwa ubaridi. Dumu moja nimelioga.

Jumamosi, 2 Agosti

Kuku wa kupaka ameharibika. Kuku wanne. Khatoon alipika siku mbili kwa sababu Mama anampenda yule kuku kuliko chakula chote. Friji bila umeme ni kabati tu, nani alijua? Khatoon alikaa kwenye ngazi ya karavani na sufuria mapajani. Nikamwambia nazi ya kopo ya Kanada haina uvumilivu. Akainuka, akaenda kuizika nyuma ya miti, sufuria na kila kitu.

Joto limefika thelathini na moja. Karavani imekuwa tanuri. Mama alisema anakwenda kunyoosha miguu. Baada ya saa nzima nikamkuta hemani kwa Haider, amelala mbele ya feni, mdomo wazi kidogo, raha mustarehe. Nilipita mara nne nikikohoa. Mara ya nne Sakeena alitoa kichwa, akaniambia, "Shemeji, kama una kifua kanywe dawa."

Nikabuni mpango. Niliunganisha betri ya gari na betri ya karavani kwa nyaya. Taa ikawaka! Nikamwita Khatoon aje aone. Ilipofika dakika ya ishirini, taa ikafifia. Sasa betri zote mbili zimekufa na gari haliwaki. Kosa ni la gari. La Kijapani.

Hata hivyo siku haikupotea. Nyuma ya jukwaa dogo, chini tu ya kilima chetu, nimegundua jenereta kubwa kama kontena. Inanguruma mchana kutwa, na ubavuni ina soketi tatu zisizo na kitu. Tatu! Umeme wote ule unapotea bure hewani. Mlinzi wake ni Léonard, mtu wa Bukavu, kijana mnene mwenye fulana ya chungwa na kamba shingoni kama jemadari. Nikamweleza nimewahi kukagua jenereta Malton. Nikamwomba soketi moja.

"Hapana, papa," akasema, maana kwao papa ni baba. "Hii ni ya sauti ya muziki tu. Usiguse, tafadhali."

Alisema tafadhali. Mtu akikataa kweli hasemi tafadhali.

Jumapili, 3 Agosti

Siku ndefu. Niandike kwa utaratibu.

Saa mbili asubuhi Léonard alikwenda kunywa kahawa. Nilikuwa nimekuja na waya wa ekstensheni wa mita hamsini, maana mtu mwenye mipango hasafiri bila waya. Nikauchomeka, nikaupitisha kwenye nyasi ndefu, nikaufunika na majani makavu mpaka dirishani kwetu. Friji ikanguruma. Nilikaribia kuibusu.

Khatoon akauliza. Nikasema nimefikia makubaliano. Nikachemsha chai. Chai yenyewe, ya maziwa, yenye moshi. Mama akapiga funda moja. "Sasa hii ndiyo chai," akasema, na akaagiza Haider na Sakeena waitwe. Haider akanywa chai yangu! Akauliza polepole umeme umetoka wapi. Nikamwambia betri imepumzika, imejirudi yenyewe. Akafungua mdomo, akaufunga. Kumnyamazisha mtu wa kompyuta kwa hoja ya kompyuta, si jambo dogo.

Saa kumi na moja jioni, taarab. Wanawake wakaenda mapema, Mama kiti cha mbele kabisa, mtandio wa hariri, wanja. Nikawaambia nakuja. Nilitaka akirudi akute pilau tayari na mimi nimenyooka. Kupitia dirishani nikasikia fidla, kisha bibi akaanza kuimba. Sauti nzito, imekwaruzika kidogo, inapanda mpaka kilimani. Nikawasha sufuria ya umeme. Nikawasha birika. Nikashika pasi, nikachomeka.

Muziki ukakatika.

Nikadhani wimbo umekwisha. Nikasema moyoni, nyimbo za siku hizi fupi, hata wazee wameiga uvivu. Ndipo nikaona pasi nayo inapoa.

Nikachungulia. Léonard anapanda kilima, ameinama, anauvuta waya wangu kutoka kwenye nyasi mkono kwa mkono. Nyuma yake wale vijana wasio na viatu. Nyuma yao Haider. Nikafikiri niuchomoe niutupe nje, lakini kumbe keshafika.

"Papa, hii kamba imeingia kwako."

Nikamwambia labda haiingii, labda inatoka.

Hakucheka. Akanishika kiwiko, akanishusha kilimani mbele ya watu, shati langu limenyooka mkono mmoja. Fundi wa jenereta alisema itachukua nusu saa kuiwasha tena. Watu mia mbili wamekaa kimya. Nilimtafuta Khatoon. Alikuwa amefunika uso kwa viganja.

Lakini yule bibi hakuingoja nusu saa. Aliinuka, akashuka jukwaani taratibu akishikiliwa, akaomba kiti kiwekwe kwenye nyasi. Akawaita watu wasogee. Fidla, udi na ngoma wakamzunguka. Akaanza upya, bila kipaza sauti, bila chochote. Ilibidi watu wote wazuie pumzi ili wamsikie.

Kwenye kiitikio, sauti nyingine ikaingia. Nyembamba, inatetemeka, lakini inajua njia. Ilikuwa ya Mama.

Bibi akasimamisha fidla kwa kidole. "Wewe wa wapi?"

"Ngamiani," Mama akasema. "Barabara ya nane."

"Mimi ya tisa!"

Walicheka kama wasichana waliokutana bombani. Mama akasogezwa kiti, wakaimba pamoja nyimbo tatu, wameshikana mikono, wakisahau maneno na kukumbushana. Khatoon alilia. Sakeena alilia. Léonard aliniachia kiwiko ili apige makofi. Nimekuwa mkwe wa mwanamke huyu miaka thelathini na moja na sikujua kama anaimba. Nikapangusa macho. Vumbi la shambani ni baya sana.

Kisha nikazinduka. Kama si waya wangu, wangemwimbia kwa maspika, na sauti ya Mama nani angeisikia? Nikamweleza hivyo Léonard. Akaniletea mkubwa wake. Nimepewa barua inayosema nisifike tena kwenye tamasha lao. Sikuwa na nia. Mipango yao ya umeme ni dhaifu.

Jumatatu, 4 Agosti

Haider aliwasha gari langu kwa nyaya zake. Nilimruhusu.

Wakati hema linakunjwa, Mama akatuita wote. Alikaa kwenye kiti chake, fimbo magotini. Akasema ameamua, anahamia Thorncliffe, kwa Khatoon.

Haider akasimama na kigingi mkononi. Kwa mara ya kwanza maishani aliongea haraka. Kwa nini? Kuna kitu kimekosekana?

Mama akamwambia hakuna kilichokosekana. "Kwako kila kitu kinafanya kazi, mwanangu, na Mungu akulipe. Lakini nyumba imenyamaza. Watoto nawasalimu kwa Kiswahili, wananijibu Kiingereza kutoka vyumbani. Tangu mzee wangu aondoke sikuwahi kucheka. Siku hizi nne nimecheka mpaka mbavu zinauma. Nikiwa peke yangu kitandani nimejifunika shuka, nacheka." Akanigeukia. Akanitazama, akaanza tena, mabega yanatikisika.

Nikainamisha macho kwa unyenyekevu.

Sakeena alilia kidogo, kisha naye akaanza kucheka, sijui kwa nini. Haider alimbusu Mama mkono na kwenda kumalizia hema. Ni vigumu kushindwa hadharani. Namhurumia.

Garini, Mama alipopata usingizi, Khatoon alianza kunieleza mama yake alimaanisha nini hasa. Nikamwambia sihitaji mkalimani. Mwanamke mzima ameonja karavani na ameonja hema, akachagua. Khatoon akageukia dirishani. Baadaye nikahisi mkono wake begani kwangu, akauacha pale mpaka mji wa Barrie.

Jumatano, 6 Agosti

Mama anahamia Jumamosi. Atakaa kile chumba kidogo tulichokifanya stoo. Khatoon anasema tukitoa maboksi kitamtosha kabisa, kitanda hapa, kabati pale, mkeka wa kusalia katikati. Fikra ndogo. Mama wa watu ametoka kwenye nyumba ya Markham! Nimepima kwa hatua zangu. Ukuta wa mashariki ukirudishwa nyuma futi tatu tu, chumba kinakuwa cha kifalme.

Nimemweleza msimamizi wa jengo. Amekataa, eti ukuta si wangu. Mtu ambaye lifti yake imesimama tangu Juni ananifundisha kuta! Haider amepiga simu, akasema polepole kwamba anaweza kuja na vifaa vya kupimia kabla sijagusa chochote. Nimemshukuru, nikakata simu.

Khatoon yuko Markham anamfungia mama yake mizigo. Atarudi jioni. Nimeazima nyundo kubwa ghorofa ya tisa. Nimekwisha funika sofa kwa shuka.

Kwa uangalifu nimeugonga ukuta kwanza kwa kidole, mara tatu. Mtupu kabisa, hauna kazi yoyote. Mara upande wa pili nao ukagongwa, mara tatu.

Mwangwi. Dalili nzuri. Naanza.