Jogoo wa Kumtafutia Waithera Kiti

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Salamu nyingi kwako daftari. Sisi hapa Kitale tuko wazima. Mama mkwe Nyaruai mzima, ila magoti. Vijana wangu nao: Kibe mzima, kazi kula. Muturi mzima, shati ndiyo imeraruka. Ng'ombe pia mzima. Shule niliachia darasa la tano na tulifunzwa barua peke yake, utanivumilia.

Shida ni binti yangu Waithera. Yuko Bungoma, studio ya Bwana Yakub, anajifunza kurekodi sauti. Tangu aende, ni kukunja waya na kusikiliza. Ati Yakub anasema sikio kwanza, mashine baadaye. Sikio! Si alizaliwa nalo? Na Ijumaa, kwaya fulani ikimaliza kurekodi hapo, Yakub atabakisha mwanafunzi mmoja tu: Waithera ama Roselyne wa Bumula. Mamake Roselyne hupeleka ndizi. Ndizi bana! Mimi napeleka kuku.

Jumatano, 10 Septemba

Kuku wa mchuzi, na dania juu. Yakub akauliza kwa upole nani amechinja. Nikajipiga kifua: mimi mwenyewe, kwa kisu kipya! Akacheka. Akasema asante mama, lakini yeye ni Mwislamu, hiyo nyama hawezi. Ikaliwa na mamake Roselyne. Mapaja yote mawili! Halafu ati chumvi imepungua.

Nimerudi nikimuwaza mume wangu Gichuki, Mungu amlaze pema. Alikuwa anafunga waya ya redio kwa mti wa avokado tusikie vipindi vya salamu. Jina letu likisomwa, anaruka hadi jikoni. Waithera akiwa mchanga hakuwa analala mpaka hiyo redio ikorome.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo jogoo hai. Achinje mwenyewe! Nikamfunga nyuma ya studio. Kwaya ya Cheptais ikaimba tamu, ikafika pale pa kunong'ona. Kokorikoo!

Yakub akavua vile vitu vya masikio, akauliza huyo ni wa nani. Mamake Roselyne akanionyesha kwa kidevu. Mwimbaji wao sauti ilikuwa imekauka, hawezi kurudia. Yakub akauliza wanafunzi watafanya nini. Roselyne akasema kwaya irudi siku ingine. Waithera akasema polepole kwamba huo mstari uliimbwa hivyo hivyo kwa ubeti wa kwanza, hata pumzi ni ile ile. Yakub akampisha kiti. Msichana akakata, akabandika. Jogoo hakuna!

Kwaya ikapiga vigelegele. Mimi nikalia. Gichuki alituacha bila sauti yake mahali popote, hata ya kuitisha chai.

Yakub akasema Waithera ndiye anabaki. Akanisindikiza hadi kwa geti, jogoo kwapani, akaniomba nisilete kitu tena. Sikio la mtoto limetosha.

Jumapili, 14 Septemba

Nimefikiria ibada nzima. Bila jogoo, Waithera angekata nini? Hiyo kazi ilifanywa na jogoo! Nimemwandikia kwa simu: Waithera mami, nijibu haraka kabla sijatoka hapa, nyuma ya studio kuna mahali pa kufunga mbuzi?