Selo Haijapigwa Marufuku

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba selo haijapigwa marufuku katika nchi hii. Haijawahi kupigwa marufuku. Kilichopo ni Utaratibu, na mwenye shaka anakaribishwa ofisini kwangu, ghorofa ya tatu, mlango wenye kibao kisemacho Naibu Mkurugenzi, Sauti za Majonzi. Afike saa za kazi, na nakala mbili za shaka yake.

Kwa wasioijua, selo ni fidla kubwa ya kupigwa ukiwa umekaa. Inabanwa kati ya magoti na kukwaruzwa kwa upinde. Sauti yake ni nzito, kama ya mtu anayeongea muda mfupi baada ya kulia, na hiyo ndiyo iliyomponza mwenyewe.

Mwenyewe tunamwita Bi Selo. Miaka thelathini na mmoja iliyopita alirudi kutoka masomoni ng'ambo na chombo chake ndani ya kasha lililokaribia kumpita kimo. Akaingia Studio Namba Mbili ya redio yetu asubuhi, akatoka jioni. Siku hiyo moja alirekodi vipande tisa, sita vya taratibu na vitatu vya haraka. Mimi nilikuwa karani wa maktaba ya kanda. Nilizipokea, nikazigonga mihuri, nikazipanga rafuni, za taratibu juu, za haraka chini, kwa kuwa ndivyo zilivyofika mkononi.

Siku ya nne mheshimiwa mmoja mzito akafariki ghafla. Redio ilipaswa kupiga kitu cha heshima, na tulichokuwa nacho ni bendi ya matarumbeta na matangazo ya sabuni. Mkurugenzi wa wakati huo akaniambia, "Lete chochote, ila kisiwe na tarumbeta." Nikachukua kanda ya juu kabisa. Ilipigwa siku tatu mfululizo, na wananchi walilia kuliko makadirio. Hapo ndipo kazi ya Bi Selo ilipoanza, na hapo hapo ndipo ilipokwisha.

Tangu siku hiyo, mheshimiwa akifa, selo inapigwa, na selo ikipigwa, kuna mheshimiwa kafa. Wananchi wamezoea. Ikisikika sekunde tano tu, fundi cherehani anatoa mguu kwenye mashine, na maofisini wakubwa wanapigiana simu kuhesabiana. Jina la mpigaji halitajwi. Tulilijadili suala hilo kwa kina tukaona kwamba, likitajwa saa ile, msikilizaji atadhani ndiye aliyekufa.

Bi Selo akifanya mazoezi nyumbani, majirani walikuja kumpa pole. Aliwahi kualikwa kwenye harusi. Alipovuta upinde mara ya kwanza, bibi yake bwana harusi alianguka, na wageni wawili ambao ni wakuu wa idara walikimbia kwenda kuwahi nafasi. Ndipo Wizara ilipoitangaza selo kuwa Chombo cha Tahadhari ya Taifa, daraja moja na ving'ora. Mwenye nayo anaruhusiwa kuipiga kwake, madirisha yakiwa yamefungwa, baada ya kutoa taarifa siku saba kabla. Huo si ukatili. King'ora nacho hakipigwi ovyo.

Kuna waraka mmoja zaidi ambao lazima niueleze. Miaka miwili iliyopita tulimtangaza kwa makosa balozi mmoja mstaafu, kumbe alikuwa amekwenda kung'oa jino. Alipokuja kulalamika, Mheshimiwa Waziri wetu alisaini Waraka Namba Tisa kwa kalamu yake mwenyewe: kilichotangazwa kwa selo hakikanushwi, ili kulinda hadhi ya redio. Balozi alielewa. Siku hizi analima vitunguu na hasumbui mtu.

Basi, mwezi wa pili mwaka huu, Bi Selo alikuja ofisini. Alikaa kwenye benchi la korido kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane. Nilipomruhusu kuingia hakuwa amekasirika, jambo ambalo lilinitia wasiwasi.

"Karani," akasema. Hajawahi kunipandisha cheo. "Vile vipande vyangu vitatu bado vipo?"

"Dada yangu, kumbukumbu za taifa hazipotei."

"Sijauliza za taifa. Zangu, zile za haraka, za rafu ya chini."

Nikamwambia vipo. Sikumwambia kwamba kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana hufunga mlango nikakisikiliza cha tatu, kwa madhumuni ya kukagua hali ya kanda. Naikagua kwa miaka thelathini na mmoja sasa. Hali yake ni nzuri mno, na mara nyingine huwa naikagua mara mbili.

Akaweka mkono wa kushoto juu ya meza yangu. Vidole viwili vilikuwa vimejikunja na havikunjuki.

"Daktari kaniambia tusidanganyane," akasema. "Sitapiga tena. Nilichonacho ni siku ile moja tu. Mama yangu ana miaka themanini na minne, na hajawahi kunisikia mpaka mwisho. Kila selo ikianza redioni, anazima, anaanza kututafuta watoto wake mmoja mmoja kujua kama tuko salama. Mimi ndiye wa kwanza kupigiwa simu. Namwambia, mama, ni mimi huyo unayenizima. Anasema, mwanangu, sina moyo huo."

"Kanda ya nyumbani je?"

"Ninyi ndio mliozichukua zote. Nilisaini, nilikuwa mtoto. Nataka zipigwe redioni, Jumamosi jioni, watu wakiwa macho. Na jina langu litajwe. Mara moja tu, karani."

Nilimhurumia. Nasema wazi, nilimhurumia sana, na kwa sababu hiyo nikaunda kamati.

Kamati ya Kusikiliza Vipande Vitatu ilikuwa na wajumbe saba na ilikaa miezi mitano. Ugumu ulianza kikao cha kwanza. Kwa mujibu wa Utaratibu, selo inasikilizwa watu wakiwa wamesimama na vichwa vimeinama. Tukasimama, tukainamisha. Kipande cha kwanza kilipofika katikati, mguu wa mhasibu mkuu ulionekana ukitikisika. Aliandikiwa barua ya kujieleza. Alijibu kwamba mguu ulitenda bila maelekezo.

Kikao cha nne tulikubaliana kwamba vipande vile vina furaha. Kikao cha sita mwanasheria akauliza furaha hiyo ni ya nani, maana hakuna sherehe iliyotajwa. Kikao cha tisa tukapeleka suala kwa Mheshimiwa Waziri, ambaye alisoma mstari wa juu na wa chini kama kawaida yake.

"Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuruhusu kitu hiki?" akauliza.

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Basi andikeni kwamba nimeruhusu mimi. Wajue ni nani kawaletea furaha." Akasaini.

Ikabaki fomu. Selo haiwezi kwenda hewani bila fomu, na fomu ya selo ni moja tu. Kisanduku cha kwanza kinasema: Jina la Marehemu. Chini yake, kwa wino mwekundu: kisanduku hiki kisiachwe wazi.

Kamati ilikwama hapo wiki tatu. Mjumbe mmoja alipendekeza tuandike "hakuna", lakini mwanasheria akaonya kwamba mtu mwenye jina hilo anaweza kujitokeza. Mwingine akapendekeza tuchape fomu mpya, akatazamwa mpaka akaketi. Hatimaye ikaamuliwa, kwa kauli moja na kwa heshima zote, kwamba pasipokuwa na marehemu aandikwe kiongozi wa juu kabisa anayehusika na jambo lenyewe. Tukaandika jina la Mheshimiwa Waziri, na vyeo vyake vyote. Mimi mwenyewe niliongeza maneno "yu hai", nyuma ya fomu. Mbele hapakuwa na nafasi.

Fomu haikuwa na kisanduku cha mpigaji. Nilimwambia Bi Selo kwa simu kwamba vipande vimeruhusiwa ila jina bado. Akasema, "Nusu mkate si mbaya kwa mwenye njaa ya miaka thelathini. Lakini mama atazima tu."

Jumamosi saa kumi jioni mtangazaji wa zamu akasoma fomu. Mtangazaji husoma mbele. Hakuna mwongozo unaomtaka ageuze karatasi. Kwa sauti yake ile ya msibani akataja jina la Mheshimiwa na vyeo vyake vyote, kisha fundi mitambo akaachia kipande cha kwanza, kile kilichomponza mhasibu.

Taarifa za mtaani nimezikusanya mwenyewe na ninazitoa kama zilivyo. Watu walisimama kama ilivyo ada, wakainamisha vichwa, wakasubiri huzuni. Badala yake ikaja ile mikwaruzo ya mbio mbio, inapanda, inateremka, inarudi kukuchokoza. Wakatazamana. Mwanamke mmoja kwenye foleni ya maji akacheka. Baada ya hapo haikuzuilika. Stendi watu wasiojuana walishikana mikono wakazunguka. Fundi cherehani alirudisha mguu kwenye mashine, akashona kwa mwendo wa selo, na suruali ile imeharibika. Wengi walieleza kwamba, katika miaka yote ya kusikiliza redio ya serikali, hiyo ilikuwa mara ya kwanza muziki kulingana na habari.

Mheshimiwa alikuwa kwa kinyozi wake, amenyolewa upande mmoja. Jina liliposomwa, kinyozi alizima mashine, akamtazama kwenye kioo.

"Pole sana, mzee," akasema. Kisha mguu wake ukaanza kutikisika.

Mheshimiwa alipiga simu ofisini. Katibu muhtasi wake aliona jina kwenye simu, akapiga yowe, akaitupa kwenye droo. Naibu Waziri alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha bosi wake saa kumi na dakika ishirini na tano. Alisema ameketi kwa uchungu mkubwa. Kiti kilikuwa kimeshateremshwa kufuata miguu yake.

Saa kumi na moja Mheshimiwa alifika getini, nywele upande mmoja.

"Mimi ni mzima," akamwambia mlinzi.

"Naona, mzee. Lakini imetangazwa kwa selo."

"Ni makosa!"

"Yawezekana. Ila kuna Waraka Namba Tisa." Mlinzi akamwonyesha ukutani, ndani ya fremu. "Sahihi hii hapa. Hii si ya kwako, mzee?"

Jioni ile redio ilipokea simu mia mbili na kumi na nne. Hakuna hata mmoja aliyeuliza marehemu kafa kwa nini. Wote waliuliza ni nani aliyepiga. Kwa Utaratibu, kutaja jina la mpigaji kulihitaji kibali cha Waziri, na Waziri alikuwa amefariki. Nikateremka studio mwenyewe, ngazi zote tatu, nikalisoma jina lake hewani. Nililisoma mara tatu.

Bi Selo alinipigia Jumapili.

"Karani, mama hakuzima."

"Vizuri."

"Mkono ulikuwa tayari kwenye kitufe. Akasikia jina la yule bwana. Akaongeza sauti." Akacheka, au akalia. Kwa simu, sauti yake na ya selo ni ngumu kutofautisha. "Kasikiliza vyote vitatu. Kisha kaniuliza kwa nini miaka yote hii nilikuwa napiga vile vingine."

Suala la Mheshimiwa linashughulikiwa. Amewasilisha ombi la kutambuliwa kuwa hai, na kamati yetu ya wajumbe saba imelipokea. Tumeshakubaliana kwamba anapumua. Kinachojadiliwa sasa ni kama anapumua kwa kibali. Anafika kila siku saa mbili asubuhi na kukaa kwenye benchi la korido, pale pale alipokaa Bi Selo. Nywele zimeota, lakini upande mmoja umechelewa.

Jana nilipita mbele yake. Redio ya mlinzi ilikuwa inapiga kipande cha tatu. Siku hizi kinapigwa mchana na jioni.

"Ni nani," akaniuliza, "aliyeruhusu kitu hiki kipigwe?"

Nilikuwa na faili mkononi. Nikalifungua, nikamwonyesha sahihi yake.