Kamati ya Kumfaulisha Mkurugenzi

Napenda kuutangazia umma, kwa furaha yote inayoruhusiwa na cheo changu, kwamba Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Vibao na Maelekezo alifaulu sehemu ya lugha ya mtihani wa kujiunga na chuo cha biashara, tena kwa alama za juu. Mengine mliyoyasikia mitaani ni ya mitaani. Mimi ndiye niliyekuwa Katibu wa Kamati ya Maandalizi, na nitaeleza yalivyokuwa.

Kwa wasioijua, Mamlaka yetu ndiyo iliyotoa kibali kwa kila kibao kinachotundikwa hadharani. Kinyozi akitaka kuandika "Kinyozi" juu ya mlango wake, alipitia kwetu. Mlango wa benki ukiandikwa "Sukuma", ni sisi tuliojiridhisha kwamba kweli unasukumwa. Kibao kisicho na kibali tulikishusha na kukihifadhi ghalani kwa usalama wake. Kazi ilikuwa nzito, na wananchi walitushukuru kwa ukimya.

Basi ikashuka amri kutoka juu: wakuu wote wa mamlaka wawe wamepokelewa chuo cha biashara kabla mwaka haujaisha, na asiyepokelewa ampishe aliyepokelewa. Bosi aliposoma waraka ule alikohoa, akafunga mlango, akaniita.

"Katibu, huo mtihani una nini ndani?"

"Kuhusiana na hilo, Mheshimiwa, una hesabu na una lugha."

"Hesabu nitabahatisha. Lugha naijua tangu nanyonya."

Tukamwekea mtihani wa majaribio kwenye kompyuta ya ofisi. Alijibu kwa kujiamini sana. Kompyuta ilipomaliza kusahihisha, ikamshauri apumzike.

Mchana huohuo nikaunda Kamati ya Maandalizi, yenye kamati ndogo ya Msamiati, kamati ndogo ya Ufahamu na kamati ndogo ya Chai. Hii ya mwisho ndiyo iliyoonyesha matokeo ya haraka. Lakini msamiati wa Bosi ulibaki palepale, na mtu mmoja wa masijala akasema yuko mwalimu mjini, mwanamke, anayefundisha mtihani ule na wanafunzi wake hufaulu. Tukamtafuta. Dereva alizunguka mitaa mpaka akachoka, akaishia kuuliza wapita njia, kwa sababu kibao cha mwalimu huyo tulikuwa tumekishusha wenyewe. Kilikuwa kimeandikwa "Njoo Ufaulu". Wataalamu wetu walibaini kwamba "njoo" ni amri, na amri haitolewi na mtu asiye na mamlaka.

Chumba chake kilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Benchi ndefu, ubao mweusi, dirisha moja linaloangalia uani ambako mafundi walikuwa wakigonga masufuria. Mwalimu alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na hakuwa na haraka na mtu.

"Mwalimu," nikamwambia, "nina heshima ya kukuarifu kwamba umeteuliwa."

"Na nani?"

"Na Kamati."

"Kamati ndiyo inayofanya mtihani?"

"La, ni Mkurugenzi Mkuu."

"Basi aje yeye. Na aje na penseli."

Bosi alikwenda. Mlinzi wake alibeba penseli, mimi nikabeba kifutio, tukapanda ngazi kwa mpangilio wa vyeo.

Siku ya kwanza Mwalimu alimwandikia ubaoni sentensi kadhaa zenye maana moja, akamwambia achague iliyo bora. Bosi hakusita. Alichagua ile iliyoanzia ukingo mmoja wa ubao, ikafika wa pili, ikageuka na kurudi.

"Kwa nini hii?" Mwalimu akauliza.

"Ina uzito."

"Inasema nini?"

Bosi akanitazama. Nikamweleza Mwalimu kwamba sentensi ya kiongozi haisemi, inatoa mwelekeo. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Nadhani alikuwa akitafakari maneno yangu.

Siku iliyofuata akamletea hoja. Nainukuu, maana ndiyo iliyoleta balaa: "Mkuu mmoja aliamuru masanduku yote ya maoni yaondolewe mitaani. Tangu siku hiyo hajapokea lalamiko hata moja. Kwa hiyo wananchi wake wameridhika." Chini yake kulikuwa na swali: Lipi kati ya yafuatayo linadhoofisha hoja hii?

Bosi alisoma, uso ukang'aa. "Huyu mkuu ni hodari. Yuko wapi? Ningependa kumtembelea."

"Sijauliza kama ni hodari, baba. Nimeuliza hoja yake ina tundu wapi."

"Haina tundu."

"Itazame tena."

Hapo nikaona ni wajibu wangu kuingilia. Nilisimama na kupendekeza kwamba neno "linadhoofisha" lirekebishwe lisomeke "linaimarisha", kwa kuwa Mamlaka haina sera ya kudhoofisha. Mwalimu alinyoosha kidole mlangoni.

"Kaka, ngazi ile pale. Kakae."

Nikaenda kuketi ngazini pamoja na mlinzi, kwa hiari yangu. Kutoka pale tulisikia nyundo za mafundi, na baadaye tukasikia sauti ya Bosi, imekuwa ndogo kama ya mtu anayezungumza kanisani.

"Mwalimu. Wangelalamikia wapi?"

"Endelea."

"Si masanduku yameondolewa?"

"Ehe."

"Basi kule kunyamaza kwao..." Akanyamaza na yeye. Halafu akacheka. Nimemtumikia mtu yule muda mrefu, nimemsikia akicheka cheko la kikao na cheko la mazishi ya wakubwa, lakini hili sikulijua. Lilitoka tumboni. "Kumbe ni mjinga! Mkuu mzima! Nipe nyingine, Mwalimu. Nipe nyingine!"

Tangu siku ile hakuhitaji kubebewa penseli. Alikwenda kwa Mwalimu mapema, akatoka akiwa amechelewa, na ndani ya gari alisoma matangazo ya magazetini akiyatoboa moja baada ya jingine. Kamati ilifurahi. Mimi sikufurahi, kwa sababu nilipomfikishia taarifa ya wiki alinikatiza katikati.

"Katibu, hitimisho lako liko wapi?"

"Kuhusiana na hitimisho, Mheshimiwa, bado tupo kwenye utangulizi."

"Hizi kurasa zote ni utangulizi?"

Kisha mkewe akanipigia simu. "Shemeji, mnamfundisha nini mume wangu huko?"

"Kuna tatizo, shemeji?"

"Nimemwambia mawingu yametanda, aanue nguo. Akaniuliza nimechukulia nini kuwa kweli bila kukitaja. Nguo zimelowa zote, shemeji. Zote! Halafu anaziangalia kwenye kamba anasema, sasa hoja yako imeimarika."

Nilimtuliza. Nikamwambia ni homa ya mtihani, ikipita mtihani itapita.

Mtihani ukafika, akaufanya, akatoka anapiga mluzi. Matokeo nimekwishayatangaza. Siku ileile aliagiza kibao cha Mwalimu kitolewe ghalani na kupewa kibali. Mimi nilikuwa nimeandaa maandishi mbadala, "Mwananchi Unaombwa Kufikiria Uwezekano wa Kuja, Ili Pengine Ufaulu", ambayo hayamwamuru mtu. Bosi aliweka yangu na ya Mwalimu pamoja mezani, akaniuliza yapi yangesomeka kabla msomaji hajagongwa na gari. Kibao kikarudi kilivyokuwa. Niliandika pingamizi, nikalihifadhi.

Homa haikupita.

Wiki ile Bodi inayotusimamia ilikaa kusikiliza ombi letu kubwa kuliko yote, la Mamlaka kusimamia pia maelekezo ya mdomo. Kwa ufupi, mtu yeyote atakayemwelekeza mwenzake njia kwa kinywa au kwa kidole awe na beji yetu. Nilikuwa nimeiandika hotuba mwenyewe. Ukumbi ulijaa, zulia limefagiliwa, na Mwenyekiti wa Bodi, mama mmoja mzito mwenye biashara ya mabati, alikuwa ameshashika kalamu ya kutia saini.

Bosi akasimama, akasoma kwa sauti nzuri: "Waheshimiwa, tangu Mamlaka ianze kazi, idadi ya wananchi wanaoulizana njia mitaani imeongezeka mno. Hii yaonyesha kiu kubwa waliyonayo ya maelekezo. Kwa hiyo, Mamlaka ipanuliwe."

Wajumbe wakapiga makofi. Bosi hakugeuza ukurasa. Alikuwa anaiangalia karatasi, na midomo yake ikaanza kucheza kama ilivyokuwa ikicheza ghorofani kwa Mwalimu.

"Ngoja kidogo," akasema.

Nikamkanyaga mguu. Akauhamisha.

"Mwenyekiti, hapa pana tundu. Watu wanaulizana njia kwa sababu hawaoni vibao. Na hawaoni vibao kwa sababu viko ghalani kwetu."

Makofi yalikuwa hayajaisha vizuri, yalifia mikononi. Nilisimama nikasema Mkurugenzi hajisikii vizuri. Mwenyekiti akanionyesha kiti kwa kalamu.

"Ndugu Mkurugenzi," akasema, "nikuelewe. Tukiifunga Mamlaka kesho asubuhi, kitaharibika nini?"

Bosi alifumba macho. Nikajua ameanza kupitia majibu ya kuchagua, na nikaomba dua apate hata moja la kutusitiri.

"Watu watapotea," akasema. "Hapana, wameshapotea. Milango itasukumwa vibaya. Hapana, mtu akisukuma ikagoma, huvuta. Ghala litakuwa tupu. Hilo si kuharibika." Akafumbua macho, na uso wake ulikuwa mtulivu. "Hakuna jibu hata moja kati ya hayo."

"Ndilo unalolichagua?"

"Ndilo, Mwenyekiti."

Akaketi kama mwanafunzi aliyemaliza kabla ya muda. Nikamnong'oneza, "Mheshimiwa, umetuua!" Akanijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya Bodi nzima, "Hiyo sasa ndiyo sentensi yako ya kwanza fupi."

Bodi iliifunga Mamlaka kabla chai haijaletwa. Chuo cha biashara nacho kikamwandikia Bosi kwamba nafasi yake ilikuwa ya wakuu wa taasisi, na kwa kuwa sasa si mkuu wa kitu chochote, kinamtakia heri. Habari zilipowafikia wakubwa waliotoa ile amri, walikutana harakaharaka. Baadhi yao walikuwa tayari wamenunua penseli. Amri ikafutwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba mtihani umebainika kuwa na madhara kwa viongozi, na viongozi wote waliobaki wakachunguzwa, wakaonekana salama.

Mimi natafuta kazi. Juzi niliitwa kwenye usaili, kampuni moja ya kusafirisha mizigo, chumba kidogo chenye feni inayolia. Aliyenisaili ni binti wa umri wa mwanangu. Alisoma wasifu wangu wote bila kuchoka, jambo lililonipa moyo, halafu akauweka chini.

"Mzee wangu, niambie kwa maneno machache tu. Pale Mamlaka ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nikaanza kumweleza kuhusiana na uratibu, kuhusiana na uwezeshaji wa uratibu, na kuhusiana na tathmini ya huo uwezeshaji. Akanisikiliza mpaka feni ikazima umeme ulipokatika.

"Mzee," akasema gizani, kwa adabu, "nimeuliza kazi."

Nilifikiri kwa bidii. Nikamwomba anisomee majibu ya kuchagua.

Akasema hayapo.