Marufuku Kutaja Ombi Mezani

Habari ililetwa na Sixten, kama kawaida yake, hata kabla hajakung'uta theluji mabegani. Alitupa gazeti katikati ya meza ya kahawa, nusura limwage maziwa, akasema:

"Someni wenyewe. Mimi nikisema mtaniambia natia chumvi."

Sixten ndiye wanayemwita Asilimia. Kazi yake pale idara ya udongo ni takwimu, na hata ukimuuliza kama mkewe anampenda atakupa namba. Mkabala naye alikaa Gunvor, profesa aliyestaafu zamani ila hajaiaga kahawa; hufuma soksi tangu kikombe cha kwanza hadi cha mwisho, basi wakamwita Bibi Soksi. Dirishani alikaa Torgny, mkuu wa idara, mtu wa kaskazini hasa, ambaye neno "ndiyo" halimtoki: huvuta hewa ndani kwa mdomo, "shuup", ukajua umekubaliwa. Huyo ni Barafu. Wa nne alikuwa Ylva, mikono yote miwili kwenye kikombe kilichokwisha poa. Yeye huitwa Nyungunyungu, kwa sababu minyoo hao wa udongoni ndio anaowachunguza: wanavyostahimili ardhi ikiganda.

Gunvor akashusha soksi, akapandisha miwani. "Profesa mmoja wa kusini amepewa pesa na mfuko wa utafiti, miaka mitano, achunguze kwa nini watu wa maofisini hunywa kahawa pamoja."

Torgny aliangalia kikombe chake kama vile kimemsaliti.

"Miaka mitano ya kahawa," Sixten akasema. "Na sisi je? Tuko hapa kila siku, asubuhi na mchana. Hatujakosa hata siku mabomba yalipopasuka."

"Siku ile tulikunywa na makoti," Gunvor akakumbuka.

"Data za miaka yote hiyo, bibi, tumezikojoa."

"Tatizo letu ni mbinu. Yule anakunywa huku anaandika. Sisi tunakunywa tu, kama ng'ombe."

"Hata ng'ombe ana mradi," Sixten akasema. "Jengo la pili kule wanapima anavyojamba. Mamilioni."

"Shuup," Torgny akakubali.

Ylva alicheka nao, lakini jicho lilikuwa kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa imepita saa saba na nusu.

Ombi lake alikuwa amelituma kwenye mfumo wa mfuko wiki iliyopita. Kutuma ni nusu ya safari. Mkuu wa idara asipobonyeza kukubali kabla ya saa nane mchana wa leo, ombi linakufa lenyewe kimyakimya. Na mfumo wenyewe haumwambii mwombaji kitu, unamwambia mkuu peke yake. Basi si angemuuliza mkuu? Ndipo penye kazi. Asubuhi nzima alipita mbele ya ofisi ya Torgny, na asubuhi nzima taa ndogo ya mlangoni ilikuwa nyekundu. Nyekundu maana yake nina shughuli, usinisumbue. Katika jengo lile mtu ataona moshi unatoka chini ya mlango, na kama taa ni nyekundu, atasubiri. Barua pepe alituma. Torgny barua pepe huzisoma Ijumaa.

Pa kumpata ni hapa mezani tu. Na hapa mezani kuna sheria. Imebandikwa juu ya mashine ya kahawa kwa mwandiko wa Gunvor: atakayetaja ombi lake la pesa za utafiti atapika keki, kwa mkono wake, si ya dukani. Ilitungwa mwaka ule majibu ya mifuko yote yalipoingia asubuhi moja, watu wakalia juu ya mikate ya mdalasini mpaka ikalowa. Tangu hapo hakuna aliyewahi kuivunja. Si kwamba keki ni ghali. Ni aibu tu ya kuwa wa kwanza.

"Nina rafiki yangu," Ylva akaanza.

Sindano za Gunvor zikasimama. Sixten akajiegemeza kitini kwa raha. Kila mtu hapo ana rafiki wa namna hiyo.

"Eh, rafiki. Anasomea nini huyo rafiki?" Sixten akauliza.

"Viumbe vya udongoni."

"Vina miguu?"

"Havina."

"Maskini. Rafiki yako akaandika kwamba vitaokoa dunia?"

"Aliandika kwamba huenda, kwa kiasi fulani, vikasaidia kidogo kuelewa sehemu ya jambo."

Gunvor alifumba macho kama aliyechomwa sindano. "Mwanangu. 'Huenda', 'kiasi', 'kidogo' na 'sehemu', vyote kwenye sentensi moja? Hapo umeomba pesa au umeomba radhi?"

"Si mimi, ni rafiki."

"Mwambie rafiki wasomaji wa mfuko wanataka mapinduzi. Kila mtu ameahidi mapinduzi. Ukiahidi ukweli wanadhani unaficha kitu."

"Na akili mnemba ameiweka?" Sixten akauliza. "Siku hizi bila akili mnemba hupiti hata mlangoni."

"Hao viumbe hawana hata akili ya kawaida, Sixten."

"Ndiyo maana wanahitaji ya mnemba. Unaona? Tayari una ukurasa mzima."

Ylva alicheka mpaka kahawa baridi ikamwagikia kidole. Ni kweli, lile ombi ni yeye mtupu. Kuna usiku alikuwa amefuta neno "muhimu" akaweka "muhimu kiasi", kisha akafuta na hilo. Mama yake alimlea asijikweze mbele za watu, naye akakua, akasoma, akawa daktari wa minyoo, na sasa mkate wake unategemea kujikweza kurasa kumi na mbili mfululizo.

"Mimi pia nina rafiki," Sixten akasema. "Anakokotoa kwamba muda wote nchi hii inaotumia kuandika maombi, ungetumika kufanya utafiti, tungekuwa tumemaliza kila kitu. Hakuna kilichobaki kujulikana. Tungekaa tu."

"Tungekunywa kahawa," Gunvor akasema.

"Na ile nayo amepewa mtu wa kusini."

"Rafiki yangu mimi ni mzee," Gunvor akaendelea, na soksi ikarudi mwendo. "Kagundua mfuko mdogo ulioachwa na mjane wa mfanyabiashara wa mbao. Unawapa pesa wachunguzi wa uyoga wasioolewa, wenye tabia njema, waliozaliwa upande wa kaskazini wa mto."

"Tabia njema inathibitishwa na nani?" Sixten akauliza.

"Na kasisi. Rafiki yangu ilibidi aanze tena kwenda kanisani. Na kwaya ameshaingia."

Torgny akacheka kwa pua, ishara kwamba leo ana furaha. Kisha akatazama nje, kwenye miti ya mibetula iliyojikunja kwa theluji, akawa kama anataka kusema neno. Akaliacha. Akachukua mkate.

Saa ikasogea. Mkataba wa Ylva unaisha na mwaka. Pesa zikikosekana, kile chumba baridi cha chini anamofugia watapewa watu wa ng'ombe, nyungunyungu watamwagwa kwenye bustani iliyoganda, na yeye ataburuta masanduku hadi kwa mama yake kusini na binti yake Signe mkononi. Signe, ambaye kila nyungunyungu kampa jina, na kila jioni akivuliwa buti huuliza kama Shangazi Berit, yule mnyoo mkubwa, amekula. Kukataliwa na mfuko angemweleza mtoto. Wakubwa wamesoma, wamesema hapana, basi. Lakini atamwelezaje kwamba ombi halikusomwa kabisa, kwa sababu mama aliona haya kuuliza mezani?

"Huyo rafiki yangu," akasema, sauti imepungua, "mkuu wake wa idara anatakiwa kubonyeza mahali. Kabla ya saa nane. Hajui kama amebonyeza."

"Si amuulize," Sixten akasema.

"Taa yake nyekundu."

"Aa. Hapo hamna la kufanya." Sixten alisema hivyo kwa huzuni ya kweli, kama mtu aliyesikia msiba.

Gunvor alimtazama Ylva, akamtazama Torgny, akarudi kwenye soksi yake kwa kasi ya ajabu. Torgny alitafuna polepole. Uso wake ulikuwa mwekundu kuanzia shingoni, lakini hakutoa hata "shuup".

Dakika zikayoyoma hivyo, watu wazima wanne, wenye shahada za kujaza ukuta, wamekaa kimya kuzunguka mikate.

Ylva akaweka kikombe chini.

"Basi, nitapika keki," akasema. "Torgny, ombi langu. Nyungunyungu wangu. Umelisaini au hujalisaini?"

Sixten alishika ukingo wa meza.

"Alhamisi," Torgny akasema.

"Alhamisi ipi?"

"Iliyopita. Nilibonyeza siku ileile nilipolipata. Nililisoma lote, kumbe nyungunyungu wana mioyo mingi hivyo." Akameza. "Nilikuwa nakufa kwa hamu ya kukwambia, lakini hapa mezani si marufuku? Nikangoja uje ofisini. Hukuja."

"Nimepita kwako tangu asubuhi. Taa yako nyekundu."

"Ipi?"

"Ya mlangoni."

Torgny akamkodolea macho. "Ile taa imeharibika. Imeganda hapohapo kwenye nyekundu tangu theluji ya mwaka jana ilipoyeyuka. Fundi aliniambia atakuja."

Redieta ya kupashia chumba joto, chini ya dirisha, ilisikika ikigugumia maji.

"Tangu majira ya kuchipua?" Gunvor akauliza.

"Shuup. Nami nikawa najiuliza mbona siku hizi hakuna anayenitembelea." Torgny alitazama mkono wake uliokuwa na makombo. "Nilidhani ni kwa sababu ya lile suala la maegesho ya baiskeli."

"Mkuu, mimi nilidhani unaandika kitabu," Sixten akasema.

"Mimi nilidhani una ugonjwa," Gunvor akasema. "Nilikuwa nakufumia hizi."

Akainua soksi. Zilikuwa za kijivu, kubwa, za mtu mwenye miguu ya Torgny. Torgny akazipokea, akazikunja vizuri, akaziweka mapajani.

Ylva alihisi machozi na kicheko vinagombania mlango mmoja. Ombi limeingia, na "huenda" zake zote, na "kidogo" zake. Watalikataa, pengine. Lakini litasomwa. Leo akivua buti za Signe atasema, Shangazi Berit amekula, na kuna watu wa mfuko mjini Stockholm watakaosoma habari zake.

Sixten ndiye aliyeanza tena, maana Asilimia hawezi kuacha hesabu ikae bila jibu. "Ngojeni. Nyungunyungu ametaja ombi, keki. Barafu naye kalijibu mezani tena kwa maelezo mpaka mioyo, keki. Bibi Soksi na mjane wake wa mbao, msinifanye mtoto, hakuna rafiki hapo. Keki."

"Na wewe na hesabu zako za nchi nzima?" Gunvor akamuuliza. "Hiyo si ndiyo uliyoombea mwaka juzi?"

Sixten akakuna kichwa. "Keki," akakiri.

"Keki zote hizo za sherehe, na hakuna hata mmoja wetu aliyepata pesa," Torgny akasema, na kwa mara ya kwanza tangu theluji ya mwaka jana alicheka kwa sauti.

Wakasuuza vikombe, wakavipanga kwenye mashine ya kuoshea kama sheria nyingine ya ukutani inavyotaka, wakatawanyika. Torgny alitangulia, soksi kwapani. Ylva alikwenda kwenye meza yake, akakaa, akashindwa kukaa, akainuka tena. Akatembea hadi mwisho wa korido, kwenye ule mlango. Taa ilikuwa nyekundu, kali kama kawaida. Mazoea ni mazoea, lakini akabisha hodi.

"Ingia," ilijibu sauti upesi mno, na kiti kikasikika kikiburutwa.

Alikuwa anashika kitasa aliposikia mtu anakohoa nyuma yake. Akageuka. Nyuma yake, umbali wa heshima, alisimama Sixten na karatasi mkononi; na nyuma ya Sixten, umbali uleule, Gunvor na kikapu chake cha nyuzi.

"Samahani, dada," Sixten akasema kwa upole, akimwonyesha fomu ya kuomba likizo ya Julai, ile Julai iliyokwisha pita. "Sitaki ugomvi. Lakini foleni hii mimi nimo tangu Aprili."