Buti za Mzee wa Banda la Tatu

Jumatatu, 4 Agosti

Sijamwambia mtu, hata mama: wageni wananitisha. Mgeni akinisalimia tu, ulimi unaganda. Na leo shangazi katangaza kwamba kambi yake ya watalii inahitaji mpokezi mmoja likizo hii. Ama mimi, ama binamu yangu Redio (hajazimwa tangu azaliwe). Ataamua Ijumaa. Atakayeshindwa aende mjini kwa baba mdogo, ashinde dukani akipima misumari. Misumari! Mimi niliyefuata msitu na ukimya!

Ila nina silaha. Kitabu cha shule, cha lugha ya kigeni, kinasema wageni hawafanani: wapo wa kupanda mlima, wa kupumzika, wa kupiga picha. Wagawe mafungu, kila fungu ulipatie chake. Hakisemi popote kwamba lazima uongee nao.

Jumanne, 5 Agosti

Viatu! Wageni huvivua barazani. Buti, wapandaji. Ndala, wapumzikaji. Raba nyeupe pee, wapiga picha. Nimegawa kambi nzima bila kusalimia mtu. Raha iliyoje! Redio kanikuta nimeinamia kiatu cha mgeni, kauliza kama chakula hakinitoshi. Sasa ananiita Profesa mbele ya wapishi.

Jumatano, 6 Agosti

Raba nyeupe niliwaamsha wakapige picha za mawio. Kumbe wauguzi. Walikuja kulala. Nimetukanwa kwa upole, ndiyo mbaya zaidi.

Banda la tatu kuna mzee mwenye buti nzito. Mpandaji kabisa! Nikamsukumia kikaratasi chini ya mlango: kilele kinakusubiri. Kaenda, nadhani kwa adabu tu. Karudi mgongoni mwa mwongoza njia. Magoti yamemgomea! Shangazi kauliza nilimsikiliza mzee au nilisikiliza viatu. Kanitazama kama maziwa yaliyochacha.

Alhamisi, 7 Agosti

Redio kaketi na mzee barazani. Kamuuliza tu, babu, umefuata nini huku kwetu? Basi! Mzee kamwaga yote. Buti ni za mwanawe, aliyekuwa akija hapa kila mwaka. Amefariki. Mzee alitaka kukaa pale mwanawe alipokuwa akikaa, ila hapajui.

Mimi napajua. Nilikuwa nyuma ya pazia. Ni lile benchi nyuma ya matangi ya maji. Likizo zilizopita mwanawe alikuwa akinipungia mkono kutoka pale, nami nikijifanya sioni. Nilifika hadi mlangoni. Mzee akageuka. Nikauliza kama anahitaji taulo.

Ijumaa, 8 Agosti

Mzee kaondoka na ndala za Redio. Benchi hakuliona.

Redio anabaki. Mimi kesho, misumari. Shangazi kasema si adhabu, mwanangu. Nikasema sawa shangazi, nikaja kulia huku chumbani.

Lakini kosa nimelipata! Kiatu hakitazamwi, kinasikilizwa. Mwendo haudanganyi. Huko dukani nitajificha nyuma ya saruji, niwagawe wateja kwa hatua zao. Baba mdogo atashangaa!

Naam, kuna hatua ukumbini. Nzito, ndefu. Mpandaji halisi, huyu hana ubishi, fungu la kwanza…

Ni Redio. Anapiga kelele nitoke nione buti alizoachiwa na mzee, zinavyompwaya.

Sawa. Hatua nazo zimekataa. Mjini nitaanza na kofia. Anashika kitasa, naficha daftari hili chini ya godo…